Majiko ya Zamani ya Kuchomea na Glasi ya Bourbon: Mwongozo kwa Mkusanyaji wa Mwanza

Jiko la mkaa Mwanza hutupwa kirahisi mno. Likitoboka kitako linasogezwa nyuma ya nyumba, mvua za vuli zinalikuta huko, za masika zinalimalizia, na siku moja kijana wa vyuma chakavu anapita na mkokoteni wake, analipima kwa kilo na kuondoka nalo. Inaondoka pia kazi ya fundi aliyelikunja bati lake kwa nyundo na kulibana kwa riveti bila kuchomelea hata sehemu moja. Kazi ya namna hiyo inazidi kuadimika, na ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Mwongozo huu ni wa kuyaokoa majiko ya zamani ya kuchomea nyama na samaki, kuyapanga nyumbani yaonekane, na kukaa nayo jioni ukiwa na glasi ndogo ya bourbon, wiski ya Kimarekani. Vitu hivi viwili vinakutana kwenye mkaa. Sheria ya Marekani inataka bourbon ikae ndani ya chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa moto ndani, na viwanda hutumia mapipa ambayo ukuta wake wa ndani umegeuka gamba la mkaa. Rangi yake yote na sehemu kubwa ya ladha yake hutoka humo.

Kanuni moja naishikilia kuliko zote: jiko linaloingia kwenye mkusanyo liwe na uwezo wa kuwashwa. Lisipoweza kuwaka, litengeneze. Lisipotengenezeka, chukua vipuri vyake visaidie lingine. Hatua zote zinazofuata zinaitumikia kanuni hiyo.

Hatua ya 1: Chagua ukoo wa kuanzia

Usikusanye kila kitu chenye majivu. Anza na ukoo mmoja, uujue vizuri, halafu upanuke.

Ukoo wa kwanza, na ninaoupenda kuliko yote, ni majiko ya mafundi bati wa hapa hapa. Mengi yalikatwa kwenye madebe na mapipa ya mafuta. Pindua kifuniko cha mlango wa majivu uangalie upande wa ndani: mara nyingine utakuta herufi za kiwanda cha mafuta bado zinasomeka, zimepinduka kichwa chini kwa sababu fundi alifuata bati lake na wala hakujali maandishi. Herufi hizo zilinde kama mboni ya jicho. Humu humu nayaweka majiko ya mishkaki, yale marefu membamba, na pipa lililopasuliwa kwa urefu likawekewa miguu ya nondo, ambalo ndilo jiko la nyama choma la nusu ya baa za mji huu.

Ukoo wa pili ni wa chuma cha kusubu: seredani za zamani, majiko madogo ya mstatili ya Kijapani ambayo Wamarekani waliyapenda sana baada ya Vita Kuu ya Pili, na ndugu yao wa karibu, pasi ya mkaa. Pasi haichomi nyama, najua, lakini ile yenye kitasa cha jogoo juu ya kifuniko ikikaa kando ya seredani hulieleza jiko zima kwa mgeni bila wewe kufungua mdomo.

Ukoo wa tatu ni majiko ya ng'ambo yenye mfuniko. Linalojulikana zaidi ni Weber, la duara. Mwaka 1952 George Stephen alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha Weber Brothers Metal Works, Chicago, kilichokuwa kikitengeneza maboya ya chuma pamoja na vitu vingine. Alichoshwa na majiko ya wazi yaliyopeperusha majivu kwenye nyama, akachukua umbo la boya, nusu ikawa beseni, nusu ikawa mfuniko, akaongeza miguu mitatu na matundu ya hewa. Sisi tunaoishi kando ya ziwa lenye maboya yake tunaweza kulielewa jiko hilo mara moja. Mengine ya kuangalia ni PK (Portable Kitchen), la alumini nzito ya kusubu lililozaliwa Texas mwanzoni mwa miaka ya 1950, na majiko mazito ya udongo yenye umbo la yai, ambayo Big Green Egg ya Atlanta imekuwa ikiyauza tangu 1974.

Hatua ya 2: Tafuta mahali pasipo na kibao cha "vitu vya kale"

Kwa ukoo wa kwanza na wa pili, nenda kwa wauza vyuma chakavu, na nenda asubuhi kabla mzigo haujapakiwa kwenye lori. Pita pia Mlango Mmoja ukiwa na subira, na kwenye migahawa ya zamani ya samaki maeneo ya Kirumba, ambako jiko huzeeka kazini na mwenyewe hafikirii kama lina thamani nyingine. Nyumba za familia zilizokaa mjini miaka mingi, hasa zile za karibu na stesheni (reli ilifika Mwanza 1928, na pamoja nayo watu wengi na vyombo vyao), huwa na stoo ambazo hazijafunguliwa siku nyingi. Huko usiende kwa kuvizia. Nenda na mtu anayejulikana, salimia, kunywa chai, ndipo uulize.

Majiko ya ng'ambo huja kwa njia nyingine: wageni wa migodi ya Geita, wa miradi na wa misheni wanapoondoka huuza vitu vya nyumba nzima kwa siku moja au mbili. Waombe walinzi na kina dada wa kazi wa maeneo kama Capri Point wakupigie simu wakisikia. Wape shukrani yao kila wakikupigia, hata siku ambayo hukununua.

Maongezi na muuza chakavu yasiwe ya ujanja. Mimi husema hivi:

"Shikamoo, mzee wangu. Hilo jiko chini ya rejeta, unaliuza kwa kilo au kwa macho?"

"Marahaba. Wewe unalitakia nini?"

"Nalitaka lenyewe, si chuma chake. Sitaki likatwe."

"Basi lete ya kilo, uniongezee na ya chakula."

Ukisema ukweli kwamba hutaki likatwe, mara nyingi atakuwekea na lingine litakapokuja. Bei ya chuma inapanda na kushuka, kwa hiyo ulizia ya siku hiyo kabla hujafika, usije ukalipa mara tatu kwa sababu tu umevaa viatu safi.

Hatua ya 3: Kagua kabla ya kutoa hela

Beba bisibisi, sumaku ndogo na tochi. Anza na kitako. Jiko la mkaa huoza kutokea chini, kwa sababu majivu yaliyoachwa humo hunyonya unyevu na kuushikilia kwenye chuma siku baada ya siku. Bonyeza kitako kwa ncha ya bisibisi: kikidinda, kutu ni ya juu juu, kikizama au kikatoa magamba kama ya mkate mkavu, hesabu gharama ya kuweka kitako kipya.

Chuma cha kusubu kigonge kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia. Chenye ufa hutoa sauti butu, na ufa wenyewe utauona ukimulika tochi kwa ubavu. Ufa mdogo ukingoni unavumilika. Ufa unaopita kwenye kitako au kwenye mguu, liache. Sumaku ni ya kutenganisha alumini na chuma. Mfuniko wa PK hauishiki sumaku, kwa hiyo mtu akikuuzia "PK" inayoishika, anakuuzia kitu kingine.

Kwenye Weber tazama kitundu cha hewa juu ya mfuniko. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kiwanda kimekuwa kikipiga hapo herufi ndogo zinazoonyesha mwaka wa kutengenezwa. Pangusa masizi kwa kitambaa chenye sabuni, utaziona. Halafu kagua enameli. Ikiwa imebanduka mahali na chuma kimekuwa cheusi tu, sawa. Ikiwa kutu imeshaingia chini ya enameli na inaiinua, itaendelea kuiinua hata ukiisafisha.

Sasa mambo mawili ya usalama, na hapa naomba nisikilizwe. La kwanza: jiko lililotengenezwa kwa bati la kuezekea lenye zinki usiliwashe kwa moto mkali. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, moto wa mkaa unafika huko na kupita, na moshi wake humpa mtu homa na kichefuchefu. La pili: pipa lisilojulikana lilibeba nini, liogope. Tuko kwenye ukanda wa pamba, na mapipa ya dawa za mashambani yamezunguka sana vijijini. Pipa la mafuta ya kula au ya taa, fundi anaweza kulichoma tupu mpaka likatakata. La dawa, hata likiwa zuri namna gani, halipikiwi. Hilo peke yake ndilo ninaloliruhusu kukaa kwenye mkusanyo bila kuwashwa, tena likiwa limetobolewa kitako ili mtoto au mgeni asije akalitumia.

Hatua ya 4: Safisha bila kufuta umri

Wakusanyaji wengi wachanga hukimbilia rangi nyeusi ya kupuliza. Usifanye. Rangi inaziba herufi, inaziba alama za nyundo, na ukiliwasha jiko inanuka kwenye chakula.

Bati na chuma cha kusubu visugue kwanza vikavu kwa brashi ya waya. Jiko likiwa na rangi ya zamani, isafishe ikiwa imeloweshwa na uvae barakoa, kwa sababu rangi za zamani huwa na risasi na vumbi lake ni sumu. Kutu iliyobaki iloweke kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Ipe saa kadhaa, uchungulie kila baada ya muda; siki ikimaliza kutu huanza kula chuma chenyewe. Suuza, pangusa kwa maji yenye magadi ya kuokea kuua ukali wa siki, kisha anika juani hapo hapo. Hewa ya ziwa haina chumvi kama ya Dar es Salaam au Tanga, na hiyo ni bahati yetu, lakini unyevu upo, na chuma kilichotoka kwenye siki kinaweza kushika kutu mpya kabla hujala mchana.

Kikikauka, kipake mafuta ya alizeti kwa kitambaa, halafu kifute kana kwamba umekosea kukipaka. Kinachotakiwa ni utando mwembamba usioshika kidole. Washa moto mdogo ndani mpaka kiache kutoa moshi. Rudia mara tatu au nne, na chuma kitapata weusi wake wa asili. Mafuta yakiwa mengi yanabaki na utomvu, na siku wadudu wa ziwani watakapotua kwa makundi, watanata juu ya jiko lako na utafanya kazi upya.

Enameli usiiguse kwa brashi ya waya wala msasa. Sabuni, maji ya moto na magadi kidogo vinatosha, pamoja na muda. Mpini wa mbao uliopauka upake mafuta, usiubadilishe. Ukilazimika kubadilisha riveti au nati, ya zamani itie kwenye kopo, uandike ni ya jiko gani.

Hatua ya 5: Andika kila jiko lilikotoka

Daftari la shule linatosha. Jina la mahali, mwezi na mwaka, bei, nani alilitumia na alipika nini. "Lilichoma sato kwenye mgahawa wa mwaloni, wanakoshushia samaki, mpaka mama mwenye mgahawa alipostaafu" ni sentensi inayolipa jiko uzito kuliko rangi yoyote. Piga picha kabla ya kusafisha na baada ya kusafisha. Fundi aliyelitengeneza akiwa hai, mtafute na umsalimie. Atakwambia vitu vya kiufundi ambavyo huwezi kuvikuta popote, kama kwa nini mlango wa hewa umekaa upande na haukukaa mbele.

Hatua ya 6: Panga

Kabla hujanunua rafu, tembelea Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa. Tazama walivyoipa kazi ya wafua vyuma nyumba yake yenyewe, zana zikiwa pamoja na mahali pa moto. Hiyo ndiyo njia ninayoifuata: jiko halipangwi peke yake. Weka koleo lake, kipepeo chake cha ukili, wavu wake na kikopo cha mkaa kando yake.

Baraza yenye paa ndiyo mahali pazuri. Majiko yainue kutoka sakafuni kwa matofali au mbao, maana saruji hutoa unyevu usiku. Makubwa yaende nyuma, ya bati mbele, kwa sababu ndiyo yenye maelezo madogo yanayotaka kuinamiwa. Sisi wa mji wa mawe tuna faida ambayo wengine hawana: jabali lililo tambarare uani, likiwa chini ya paa, ni jukwaa tosha. Chuma cheusi juu ya jiwe la kijivu kinaonekana vizuri kuliko juu ya rafu yoyote ya fundi seremala.

Ondoa majivu yote. Acha matundu ya hewa wazi na mfuniko ukiwa umeegama kidogo. Na usifunike kwa turubai la plastiki. Joto la mchana na ubaridi wa usiku hugeuza ndani yake kuwa jasho.

Hatua ya 7: Washa kwa zamu

Kila jiko lipate siku yake. Washa nje tu, au barazani penye upepo unaopita. Mkaa hutoa hewa isiyo na harufu inayoua watu vyumbani. Chuma cha kusubu na udongo vipashe polepole, na visimwagiwe maji vikiwa vya moto, maana hupasuka. Tumia mkaa kidogo. Gunia linatokana na msitu, na jiko la maonyesho halihitaji moto wa harusi.

Kwenye jiko lenye mfuniko sogeza mkaa wote upande mmoja, samaki akae upande mwingine. Hewa ya chini ndiyo usukani wa moto: ibane, joto linashuka. Kipande kikavu cha mti wa mpera au mwembe juu ya makaa kinampa sato moshi mzuri. Chumvi na ndimu vinamaliza kazi. Kwenye jiko la bati la wazi, subiri makaa yavae majivu meupe ndipo uweke wavu.

Hatua ya 8: Bourbon, baada ya moto kutulia

Moto kwanza, kinywaji baadaye. Mtu anayeshughulika na makaa na vyuma vya moto hashiki glasi.

Kujua unachonunua, soma lebo. Bourbon hutengenezwa Marekani, na nafaka zake ziwe mahindi angalau asilimia 51. Ikitoka mtamboni isizidi asilimia 80 za kilevi, iingie kwenye pipa isizidi 62.5, na kwenye chupa isipungue 40. Hairuhusiwi kutiwa rangi wala ladha. Lebo ikisema "Straight", imekaa pipani angalau miaka miwili. Ikisema "Bottled in Bond", inafuata sheria ya 1897: kiwanda kimoja, msimu mmoja, angalau miaka minne, asilimia 50 kamili. Jim Beam na Maker's Mark ni bourbon za Kentucky. Ya pili ina ngano badala ya nafaka ya rai (rye) iliyozoeleka, na ndiyo maana ni laini mdomoni. Jack Daniel's ya Tennessee hujiita kwa jina la jimbo lake, na kabla ya kuingia pipani huchujwa kupitia mkaa wa mti wa mepo (maple). Kwa mkusanyaji wa majiko ya mkaa, hiyo peke yake ni sababu ya kuionja.

Nunua duka linaloaminika, kizibo kiwe hakijaguswa, na stempu ya kodi ya TRA iwepo. Pombe kali ya kughushi inaua.

Mimina kidogo, kiasi cha kufunika kitako cha glasi. Nusa ukiwa umefungua mdomo kidogo, vinginevyo kilevi kitakuchoma pua na hutasikia kitu. Utakutana na vanila, sukari iliyoungua, na mbao kavu. Onja bila kitu, kisha ongeza matone machache ya maji ya kawaida uonje tena. Mara nyingi hapo ndipo utamu wa mahindi unapojitokeza. Nyama yenye mafuta, mbavu za mbuzi kwa mfano, inaihimili bourbon ya asilimia 50. Sato anataka iliyo laini.

Wageni wasiokunywa, Waislamu, Walokole au mtu yeyote asiyetaka, wawe na tangawizi yao nzuri iliyoandaliwa mapema, kwenye glasi zao, na nyama yao isiguswe na kilevi. Chini ya miaka 18 hakuna glasi. Aliyekunywa haendeshi gari wala pikipiki, na hapandi mtumbwi.

Chupa isimamishe wima, kwa sababu kilevi kikali hula kizibo cha gome, na iweke kabatini mbali na jua na mbali na majiko. Ndani ya chupa bourbon haizeeki, kwa hiyo hakuna faida ya kuitunza miaka mingi kwa kutumaini itakuwa bora. Asubuhi yake, majivu yakiwa yamepoa kabisa, yachote yote, yanyunyize kidogo kwenye tuta la mchicha, pangusa kitako kwa kitambaa kikavu chenye mafuta, na uandike kwenye daftari jiko gani liliwashwa na lilichoma nini.